Bujii ikiwa nyeusi, usiiguse oili

"Fundi, hii kinga (baiskeli) inakula mafuta mingi. Nimepunguza oili, lakini bujii (plagi) bado inatoka nyeusi."

Maneno hayo, au yanayofanana nayo, nayasikia karibu kila baiskeli iliyofungwa injini ndogo inapofika kwenye banda langu. Mara nyingi imesukumwa, haikuendeshwa, na hilo peke yake limeshanieleza nusu ya habari. Mwenyewe aliona plagi nyeusi, akaona moshi, akaihukumu oili, akaipunguza. Kisha pistoni ikakamata kwenye silinda, na bujii ni nyeusi vilevile.

Pikipiki za teksi hapa Lubumbashi ni za 4T, yaani mipigo minne: oili yake iko chini, inazunguka na kurudi. Injini ya mipigo miwili, yaani 2T, haina hazina hiyo. Hewa na esansi (petroli) hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya kasha la kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndipo hupanda kwenye silinda kuungua. Katika kupita huko ndiko oili iliyochanganywa huachwa kwenye beringi za kranki, kwenye pini ya pistoni na kwenye ukuta wa silinda. Njia nyingine hakuna. Ukitia esansi tupu injini itawaka na kwenda vizuri tu, kwa muda mfupi, halafu utapigia simu mtu wa kuja kukubeba.

Sasa, weusi wa bujii unatoka wapi? Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kwenye mwinuko huo hewa imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Kabureta (vifaa vya kuchanganya hewa na esansi) za hizi seti za injini za baiskeli kutoka China hutoka kiwandani zikiwa tayari na esansi nyingi kuliko inavyohitajika. Zikifika huku, hewa inapungua lakini tundu la jikleri (kijitundu kinachopimia esansi ndani ya kabureta) ni lilelile, basi esansi inazidi. Esansi isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, inaacha masizi. Huo ndio weusi unaouona. Ongeza vumbi la kiangazi, la barabara zetu za udongo kuanzia Mei hadi Oktoba, linaloziba kichujio cha hewa, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kuna jambo ambalo wateja hawaamini hadi niwachoree kwenye karatasi. Jikleri hupitisha kimiminika kwa ujazo, haijui kipi ni esansi na kipi ni oili. Ukipunguza oili, nafasi yake inachukuliwa na esansi. Kwa hiyo aliyepunguza oili ili bujii ipate kuwa safi ameongeza esansi kwenye injini iliyokuwa nayo nyingi. Tofauti yenyewe ni ndogo, nakubali, lakini inaelekea upande usiotakiwa, na wakati huohuo beringi zinakosa ulainisho. Na kinyume chake ni kweli: anayemimina oili bila kipimo "kwa usalama" anapunguza esansi, anapunguza kidogo na oktani, na anajaza kaboni kwenye tundu la kutolea moshi mpaka baiskeli inashindwa kupanda hata daraja.

Basi oili iwe na kipimo kimoja, usiibadilishe. Kinachobadilishwa ni kabureta. Ndani yake kuna sindano yenye mifereji midogo na klipu. Ukipandisha klipu mfereji mmoja, sindano inashuka na esansi inapungua kwenye mwendo wa kati. Kama tatizo liko gesi (mkono wa kuongeza mwendo) ikiwa imefunguliwa yote, tafuta jikleri ya namba ya chini kidogo. Kisha endesha kwa nguvu kipande cha barabara, bana klachi na uzime injini palepale, ufungue bujii. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, acha, usiguse tena. Nyeupe ni hatari kuliko nyeusi: hewa imezidi, injini inachemka. Ukiona nyeupe na hujagusa kabureta, angalia gasketi kati ya kabureta na silinda. Hewa inayopenya pale haizuiliki kwa oili, hata umwage chupa nzima. Na bujii inayokuja na seti, mimi huitoa mapema na kuweka NGK B6HS.

Kipimo chenyewe sasa. Vijitabu vya seti hizi husema 16:1 kwa injini mpya, yaani sehemu 16 za esansi kwa moja ya oili, kisha 20:1. Viliandikwa kwa kudhani utatumia oili yoyote utakayoipata, na kwa dhana hiyo havikukosea. Kwa oili nzuri ya 2T mimi nawapa watu 20:1 kwa lita za mwanzo, wakati pete za pistoni bado zinazoeana na silinda, halafu 25:1 maisha yote ya injini. Wapo wanaokwenda hadi 32:1 na injini zao zinadumu, lakini wengi wao hawabebi mzigo. Anayetoka Kipushi na gunia la makala (mkaa) nyuma abaki kwenye 25:1.

Uzuri wa 25:1 ni hesabu yake. Ni mililita 40 kwa lita moja. Esansi ya barabarani mara nyingi unaipata kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, na chupa hiyo inataka mililita 60. Kwenye duka la dawa kuna sirengi ya mililita 60. Sirengi moja iliyojaa, chupa moja: hakuna haja ya kikokotoo. Iandike sirengi hiyo kwa kalamu isiyofutika na uiweke mbali na nyumba, isije ikachukuliwa kwa mtoto mgonjwa. Tia esansi nusu kwenye bidoni (dumu) safi, tia oili yote, tikisa, ongeza esansi iliyobaki, tikisa tena. Usimimine oili moja kwa moja kwenye tangi la baiskeli ukitegemea barabara iichanganye. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa imebana, oili inakuwa nzito, inashuka chini na kuingia kwenye kabureta ikiwa peke yake.

Tatizo jingine ni la majirani wenye jenereta. Zile ndogo za 2T zinazowasha taa na redio mtaani zinaandikwa 50:1, na mtu akishachanganya bidoni la jenereta anaona ubahili kuchanganya la pili. Jenereta huzunguka kwa mwendo mmoja siku nzima, bila mtu kuivuta gesi. Baiskeli unaifungua gesi yote kutoka taa hadi taa, na beringi za seti hizi hazikutengenezwa kwa ustadi wa kujivunia. Mchanganyiko wa baiskeli kwenye jenereta utatoa moshi tu. Wa jenereta kwenye baiskeli utaniletea mimi mteja.

Kwenye aina ya oili nina ukali. Ukienda soko la Kenya, hapa hapa mjini, ukaomba oili, utapewa ya 4T, 20W-50 au 40, maana ndiyo inayouzika. Usiitie kwenye 2T. Ina viungo vya metali vya oili inayokaa ndani ya injini, si ya kuungua, na ikiungua inaacha majivu magumu juu ya pistoni na kati ya meno ya bujii. Omba 2T, kisha usome nyuma ya chupa. Tafuta neno JASO (kipimo cha ubora cha Kijapani) na herufi mbili: FB ni kiwango cha kuvumilia, FC ina moshi mdogo, FD inasafisha zaidi. API TC, ya Kimarekani, nayo inafaa kwa injini inayopozwa na hewa. Ukiona TC-W3, hiyo ni ya injini za boti, zinazopozwa na maji na zisizofika joto la silinda yako. Waachie wavuvi wa ziwa Mweru. Chupa isiyo na hata moja kati ya maandishi hayo, hata rangi yake ikiwa nyekundu ya kupendeza, mimi siinunui. Rangi ni rangi tu.

Na kwa sababu kuna papa (mzee) mmoja huniuliza kila tunapokutana: hapana, mafuta ya mawese hapana. Yanaganda asubuhi ya kawaida ya hapa. Mafuta ya mbarika yaliwahi kutumika kweli kwenye injini za mashindano, lakini yanaacha gundi, na hayapatani na oili za kawaida ukiyachanganya nazo.

Kuhusu esansi, usinunue ya bei kali ukidhani unaipa injini zawadi. Mgandamizo wa injini hizi ni mdogo, oktani ya kawaida inatosha kabisa. Unachotafuta ni usafi. Kadhafi (wauza esansi wa barabarani) wengine ni waaminifu, wengine wanaongeza mafuta ya taa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inaruka ndani ya muda mfupi na kuacha karatasi karibu ilivyokuwa, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokawia. Fanya hivyo kabla ya kutia oili, la sivyo utaona doa hata kwenye esansi nzuri kabisa na kumsingizia mtu. Iache pia chupa itulie, uitazame kwenye mwanga. Maji yakiwemo yatakaa chini, na utayaona mstari.

Wasomaji wa Bukavu wana shida ambayo sisi wa tambarare hatuna. Ukishuka mlima mrefu ukiwa umefunga gesi, injini inazungushwa kwa kasi na gurudumu huku kabureta inatoa kidogo sana, maana yake na oili inakuja kidogo sana. Bana klachi, uache baiskeli ishuke yenyewe kwa breki. Breki ziwe nzima, bila shaka.

Changanya cha kutumia ndani ya mwezi, si zaidi, ukihifadhi kwenye bidoni lililofungwa na kivulini. Ukijua utasafiri na baiskeli itakaa, funga bomba la tangi injini ikiwa inawaka, uiache mpaka ijizime. Usipofanya hivyo, esansi iliyomo kwenye kikombe cha kabureta itaruka na oili itabaki, na siku ya kurudi itakubidi uwashe mara nyingi. Itatoa moshi wa buluu mita mia chache za kwanza, nao huo si wa kuletea fundi.