Eti dunia itachomwa tu, sasa miti ya nini?

Hii naisikia sana, hasa kwetu sisi walokole: "Dunia inapita, 2 Petro 3:10 inasema vyote vitateketea, wewe unahangaika na miche ya nini?" Sawa, andiko lipo. Lakini huyohuyo anayesema hivyo anajenga nyumba, anakatia gari bima, akishikwa na homa anakimbilia dispensari, mbona mwili nao unapita? Huo moto ni wa Mungu na saa anaijua mwenyewe, sisi hatujakabidhiwa kiberiti. Tena nenda Ufunuo 11:18 uone wanaongojewa na hukumu ni akina nani, "hao waiharibuo nchi", na huo mstari sijawahi kuusikia kwenye mkutano wa injili hata mmoja, labda kwa sababu uwanja wenyewe kesho yake umejaa chupa za maji na vifungashio vya chipsi.

Halafu kuna wale wa "Mungu alisema tutawale". Ni kweli, Mwanzo 1:28, ila watu wanaishia hapohapo kama vile kitabu kina sura moja. Geuza ukurasa, 2:15, Adamu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi lililozingira mji kukata miti ya matunda, yaani vitani jamani! Walawi 25 shamba lipumzishwe kila mwaka wa saba. Na baada ya gharika, Mwanzo 9, agano halikufungwa na Nuhu na wanawe tu, limetaja ndege na wanyama wa kufugwa na wa mwituni. Kuku wako yumo kwenye agano, fikiria hilo.

Wasio Wakristo nao wana ya kwao, kwamba Ukristo ndio umeharibu mazingira. Hoja hiyo aliipa nguvu Lynn White, mwanahistoria wa Marekani, kwenye jarida la Science mwaka 1967, na siwezi kusema hana pointi kabisa maana wengi waliofyeka misitu walikuwa wanatoka ibadani. Ila wanaomtaja hawafiki mwisho wa makala, pale anapopendekeza Fransisko wa Asizi, yule mtakatifu aliyependa viumbe, awe mtakatifu msimamizi wa wanaikolojia, yaani watu wa mazingira. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II akamtangaza kweli.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kwamba ukitunza msitu wa zamani unaabudu mizimu. Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, Mkatoliki aliyesomeshwa na masista, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo, mtini wa porini, uliokuwa karibu na kwao kwa kuwa ni mti wa Mungu, na pale chini kulikuwa na kijito. Miaka baadaye akarudi akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Hapo shetani amefukuzwa au maji ndiyo yamefukuzwa?

Angalia Ethiopia. Kaskazini huko, Gondar na Gojjam, ukiona picha za kutoka angani ni mashamba matupu yamezungukwa na mashamba mengine, halafu katikati kuna duara la kijani, na ndani ya duara kuna kanisa la Waorthodoksi. Misitu ya asili iliyobaki sehemu hizo mingi ni hiyo ya makanisa, imetunzwa karne kwa karne na mapadri na waumini wanaosali vizuri tu bila kuusujudia mti wowote. Mwanasayansi wao Alemayehu Wassie amekuwa akishirikiana na mapadri kujenga kuta za mawe ili ng'ombe wasiingie kula miche.

Na wanaosema ni ajenda ya NGO za wazungu, wapande Kilimanjaro. Askofu Fredrick Shoo wa KKKT, kanisa la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini, amehimiza upandaji miti mpaka watu wakamwita askofu wa miti, na vijana wa kipaimara wanapanda miti kama sehemu ya maandalizi yao. Wakati huo kuna makanisa mjini yamepiga pevingi kiwanja chote mpaka ukutani, hakuna hata mwarobaini mmoja, eti paking. Ya magari matatu.