Ufunguzi wa sataranji: dhana potofu na ukweli

Dhana: Malkia akitoka mapema, mchezo unaisha haraka.
Unaisha haraka kwa asiyejua kujibu. Nyeupe anaanza e4 (askari anakwenda mraba wa safu ya e, mstari wa 4), nyeusi e5, kisha malkia anakuja h5. Nia yake ni kuleta askofu c4, wote wawili walenge f7, ambapo askari analindwa na mfalme peke yake. Nyeusi alinde e5 kwanza kwa farasi c6. Askofu akishafika c4, ndipo asogeze askari g6. Hapa mpangilio ndio kila kitu: g6 ikitangulia, malkia anakula e5 kwa cheki (akimshambulia mfalme), kisha anachukua ngome ya h8. Malkia akirudi f3, farasi wa pili anaziba f6. Nyeusi sasa ametoa farasi wote wawili, na malkia amemaliza hatua mbili bila kuvuna kitu.

Dhana: Gambiti ya Malkia ni kutoa askari bure.
Jina linapotosha, maana gambiti ni kutoa askari ili kupata faida. Baada ya d4, d5, c4, nyeusi anaweza kula c4, lakini kumng'ang'ania askari huyo ndiko kunakomponza. Tazama: nyeupe e3, nyeusi b5 kumlinda, nyeupe a4, nyeusi c6. Nyeupe anakula b5, nyeusi anarudisha kwa askari wa c, kisha malkia f3! Mshazari wote hadi a8 uko wazi. Kuiokoa ngome ile kunagharimu farasi au askofu. Aliyekula c4 aachie askari aende, atoe farasi f6 na e6, halafu aipige kati kwa c5.

Dhana: Ngome ikishambuliwa, huwezi kumficha mfalme upande huo.
Unaweza. Kumficha mfalme ni kumsogeza miraba miwili kuelekea ngome, kisha ngome inamruka na kukaa upande wake wa pili. Katazo linamhusu mfalme: asiwe kwenye cheki, asipite wala kutua kwenye mraba unaoshambuliwa. Upande wa malkia, hata b1 ikishambuliwa si tatizo, kwa kuwa mfalme hapiti hapo. Mfalme na ngome husika wawe hawajawahi kusogea, na katikati yao kusiwe na kete.

Kwenye mashindano wengi huumia kwa mkono tu. Shika mfalme kwanza, msogeze miraba miwili, kisha ngome, kwa mkono uleule. Ukigusa ngome kwanza kwa makusudi, kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinakunyima haki ya kumficha mfalme upande huo kwa zamu hiyo.

Dhana: Kariri hatua 15, utashinda.
Mpinzani akitoka kwenye mstari hatua ya 4, zile 11 hazina kazi. Jifunze kila hatua inalinda au inatishia nini.