Lavenda ni nini hasa?

Ingia duka lolote la Ngamiani hapa Tanga, uombe sabuni ya maji ya kudekia, na huenda muuzaji akakuuliza: ya limau au ya lavenda? Ya lavenda ni ile ya zambarau. Kwa wengi wetu lavenda imeishia hapo, rangi na harufu ya choo kilichotoka kuoshwa. Waliouona mmea wenyewe ni wachache.

Ni kichaka kifupi, cha kufika magotini hivi, chenye majani membamba ya kijivujivu na mashuke ya maua ya zambarau. Asili yake ni milima mikavu ya nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Ni wa ukoo mmoja na mrehani na mnanaa, na udugu huo unanukia: kemikali iitwayo linaloli, iliyo nyingi katika mafuta ya lavenda, imo pia katika mrehani. Kwa hiyo mwanamke wa pwani anayevaa kikuba chenye mrehani na asumini ameinusa linaloli miaka yote, bila chupa ya kutoka Ulaya.

Mafuta hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye maua, kisha mvuke ukapozwa na mafuta yakaelea juu ya maji. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Lavenda halisi, Lavandula angustifolia, hupenda miinuko na hutoa mafuta machache. Chotara wake, lavandini, hukubali mabondeni na hutoa mafuta mengi zaidi, ila yana kafuri nyingi, ndiyo maana hunukia kwa ukali. Mashamba mengi ya zambarau yanayopigwa picha Provence, Ufaransa, ni ya lavandini, na mafuta yake ndiyo yanayoingia kwenye sabuni. Bidhaa nyingi za bei ya chini hazina hata hayo. Harufu yake imetengenezwa kiwandani. Kwa kudekia hakuna ubaya. Ukitaka mafuta halisi, tafuta jina lile la Kilatini kwenye chupa. Ikiandikwa "lavenda" tu, mimi singetoa pesa yangu.

Je, inatuliza kweli? Mwaka 1910 mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliungua katika maabara yake, akayatibu majeraha kwa mafuta ya lavenda. Tangu hapo lavenda ikapata sifa nyingi, nyingine za kuzidishwa. Ushahidi wenye uzito unahusu wasiwasi: Ujerumani kuna vidonge vya miligramu 80 vya mafuta yaliyoandaliwa maalumu, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa na kuonekana kuwasaidia. Ushahidi huo ni wa vidonge, si wa sabuni wala mshumaa. Harufu peke yake huwasaidia baadhi ya watu kulala, lakini kwa kiasi. Mbu nao huiepuka kwa muda mfupi tu, maana mafuta huruka upesi. Chandarua kibaki kitandani.

Nyumbani, maua makavu yakitiwa katika kifuko cha kitambaa hunukisha kabati la kanga na kufukuza nondo. Kwa kuchua, matone 2 katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi yanatosha. Usipake mafuta matupu, na chupa iliyokaa wazi muda mrefu itupe, kwa sababu linaloli ikishakutana na hewa huweza kuwasha ngozi. Yasinywewe, na watoto wasiyafikie.

Kuupanda Tanga mjini ni kazi. Mmea huu unataka jua kali, udongo wa changarawe usiotuama maji, na hewa kavu. Fukuto letu huuozesha mizizi. Anayetaka kujaribu autie katika chungu chenye matundu na mchanga mwingi, akikinge na mvua za masika, amwagilie pale udongo unapokauka kabisa.