Via Dolorosa: si kila jiwe alilikanyaga Yesu

Wengi wanaorudi kutoka Yerusalemu husimulia kwamba wametembea hatua kwa hatua pale pale alipopita Yesu akibeba msalaba. Sivyo hasa. Njia ya leo, iitwayo Via Dolorosa (Njia ya Mateso), yenye urefu wa kama mita 600, ilichukua sura yake polepole, kwa miguu ya mahujaji na Wafransisko (watawa wa Mtakatifu Fransisko), karne nyingi baadaye. Hata hesabu ya vituo 14 vya Njia ya Msalaba, ile tunayoifuata Ijumaa za Kwaresima, ilikomaa Ulaya.

Tazama sakafu inayoonyeshwa chini ya nyumba ya masista wa Ecce Homo, kwenye njia hiyo: mawe mapana, yamechorwa michezo ya askari. Mahujaji waliambiwa ndiyo Gabatha ya Yohana 19:13, sakafu ya mawe ambapo Pilato alimhukumu Yesu. Wachimbaji wa mambo ya kale wanaihesabu, pamoja na tao lililo juu yake, kuwa ya enzi za Kaisari Hadriano, takriban miaka mia baada ya Yesu.

Pilato je? Wataalamu wengi huiweka hukumu yake katika jumba la Herode, magharibi mwa mji, karibu na Lango la Yafa. Basi msafara ungetokea upande wa pili kabisa! Wafransisko wanaijua hoja hii, na kila Ijumaa alasiri bado wanaongoza maandamano ya sala.