Sasisho bovu ni nini, na kuliondoa kuna tofauti gani na kupiga Windows

Sasisho, ambalo hapa Mwanza wengi tunaliita apdeti, ni kifurushi cha mabadiliko ambacho mtengenezaji wa mfumo endeshi, kama vile Windows ya Microsoft, hukituma kwenye kompyuta zilizokwisha kununuliwa, ili kuziba mwanya wa usalama, kurekebisha kasoro au kuongeza jambo jipya. Sasisho bovu ni kifurushi cha aina hiyo kilichopakuliwa na kusakinishwa mpaka mwisho, lakini kikiwa na kosa ndani yake linalovuruga kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana: sauti inapotea, printa haitambuliwi, au kompyuta inagoma kuwaka kabisa. Maneno "mpaka mwisho" yana uzito wake, kwa kuwa zipo hali nyingine mbili zinazofanana na hii, na tiba zake ni tofauti.

Ya kwanza ni sasisho lililokatizwa. Umeme ukikatika pale Igoma au Buhongwa wakati kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, imefika asilimia 60, kosa halimo katika sasisho. Mafaili yamebaki nusu ya zamani na nusu mapya. Mara nyingi kompyuta ikiwashwa tena hulitambua hilo yenyewe, huandika kwenye kioo kwamba inatengua mabadiliko, na ikiachwa imalize hurudi ilivyokuwa. Linaloiharibu zaidi ni kuizima kwa nguvu katikati ya utenguaji huo. Taa ndogo ya diski ikiendelea kumeta, kazi inaendelea, hata kama asilimia haijasogea kwa nusu saa. Hali ya pili ni sadfa: diski iliyokuwa ikichoka kwa miezi mingi inakufa siku ya sasisho, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyobeba kazi nzito ya kuandika maelfu ya mafaili. Ikiwa kompyuta ilikuwa imeanza kukwama au kutoa mlio wa kugonga kabla ya siku hiyo, diski ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Dada mmoja anayeuza dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni alinipigia simu alfajiri moja akaniambia, "Kaka, kompyuta imekufa." Nilipofika nyumbani kwake feni ilikuwa inazunguka, kioo kilikuwa cheusi, na mshale wa kipanya ulikuwa unasogea vizuri juu ya weusi huo. Mshale unaosogea ni habari njema, maana unaonyesha kwamba kompyuta yenyewe ni nzima na mfumo endeshi umewaka kwa sehemu. Fundi aliyempigia kabla yangu alikuwa amemwambia jambo moja tu, kwamba dawa ni kupiga Windows. Katika kompyuta hiyo kulikuwa na hesabu za miaka miwili, magunia yaliyotoka na wateja wanaodaiwa, na nakala nyingine haikuwepo popote.

Kupiga Windows, kama mafundi wetu wanavyosema, ni kusakinisha mfumo endeshi upya, na kwa kawaida huanza kwa kufomati diski, yaani kufuta kila kilichomo. Kuondoa sasisho ni kung'oa kifurushi cha mwisho peke yake na kuurudisha mfumo ulivyokuwa kabla hakijaingia. Hesabu, picha na barua havikusudiwi kuguswa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona familia zikipoteza picha za marehemu wao kwa tatizo ambalo lingeondoka bila kufuta chochote. Kufomati kuna mahali pake, lakini pawe mwisho wa njia, baada ya mafaili kuhamishiwa kwenye flashi au diski ya nje.

Kompyuta ikiwaka, kazi ni nyepesi: ndani ya mipangilio, katika sehemu ya Windows Update, ipo historia ya masasisho yenye tarehe na namba inayoanza na herufi KB, na hapo hapo ipo njia ya kuondoa lile lililoingia siku tatizo lilipoanza. Isipowaka, Windows 10 na 11 zina chumba chao cha ukarabati. Ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida mara ya tatu hufungua yenyewe kioo cha buluu chenye machaguo, na katika machaguo ya ziada ya utatuzi limo la kuondoa masasisho. Hapo utaulizwa kama unataka kuondoa sasisho la karibuni la ubora, yaani lile la kila mwezi, au la vipengele, yaani lile kubwa linalobadilisha toleo zima. Anza na la kila mwezi, isipokuwa kama unajua kwamba toleo lilibadilika juzi juzi. Kuondoa toleo kubwa kuna ukomo wake wa muda: kwa kawaida mfumo hutunza toleo la zamani kwa siku 10, kisha hulifuta ili kurudisha nafasi ya diski, na baada ya hapo njia hiyo imefungwa.

Kwa yule dada kazi ya kuondoa sasisho ilichukua kama dakika 20. Kioo kilipowaka hakusema neno. Alifungua faili la hesabu, akashuka mpaka mstari wa mwisho, ndipo akavuta kiti akakaa.

Tulikuwa bado hatujamaliza. Sasisho lililoondolewa linaweza kurudi lenyewe usiku uleule, kwa hiyo ni lazima kusimamisha masasisho kwa muda. Windows inaruhusu kusimamisha hadi wiki tano, muda ambao mara nyingi unamtosha mtengenezaji kutoa kifurushi kilichorekebishwa. Makosa ya aina hii huwapata hata wakubwa. Mwezi Oktoba 2018 Microsoft ilisitisha kusambaza toleo jipya la Windows 10 baada ya baadhi ya watumiaji kupotelewa na mafaili yao, ikalitoa tena Novemba. Mwezi Januari 2024 sasisho KB5034441 lilikwama kwa watu wengi likitoa msimbo 0x80070643, kwa sababu tu sehemu ya ukarabati katika diski zao ilikuwa ndogo. Hao kompyuta zao ziliendelea kufanya kazi kama kawaida, na hapakuwa na haja ya kufomati chochote. Na tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilipogoma kuwaka, watu wengi waliilaumu Windows, ilhali kosa lilitoka katika sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Tiba iliyotumika sana ilikuwa ya jamii ileile: kuwasha kompyuta katika hali salama, inayowaka na vitu vya lazima tu, na kufuta faili moja lililoingia mwisho.

Wapo wanaochoshwa na haya, pamoja na bando linaloliwa, wakaamua kuzima masasisho moja kwa moja. Siwashauri. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa Mei 2017 kilipita katika mwanya ambao Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuuziba tangu Machi mwaka huo; wengi walioumia ni wale waliokuwa hawajalisakinisha. Kwa kompyuta ya nyumbani naona inafaa kuchelewesha wiki moja au mbili, siyo kukataa. Masasisho ya kila mwezi ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo kwa saa zetu ni usiku saa mbili au saa tatu kutegemea majira ya Marekani. Anayejua hilo anaweza kunakili mafaili yake Jumatatu. Kwa upande wa bando, ipo swichi ya kuiambia kompyuta kwamba intaneti unayotumia inalipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza kupakua bila kukuuliza.

Limebaki jambo moja la kufanya leo, kompyuta ikiwa bado nzima. Baadhi ya kompyuta, hasa za miaka ya karibuni, hufunga diski kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, bila mwenyewe kujua, na chumba cha ukarabati kinaweza kukataa kuondoa sasisho mpaka uingize ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta, ambayo pengine ilifunguliwa na muuzaji dukani. Utafute, uuandike kwenye daftari, na ukilazimika kwenda kwa fundi nenda nalo pamoja na tarehe ya sasisho la mwisho, umwambie kabla hajagusa kitu: aondoe sasisho kwanza, na asifomati mpaka umeona kwa macho yako mafaili yako yakifunguka kwenye diski nyingine.