Ukungu kati ya vioo viwili: weka chini hiyo silikoni

Ukungu ukitanda kati ya kioo cha zamani na kile cha pili kilichoongezwa kwa ndani, mteja hunipigia simu akiwa ameshatoa hukumu: maji yanapenya kutoka nje, kwa hiyo nije nizibe dirisha la nje lote kwa silikoni. Wengine nakuta wameshaziba wenyewe. Nimechoka kuona kazi nzuri ikiharibiwa namna hii.

Mara nyingi maji hayo hayatoki nje. Yanatoka chumbani: pumzi za watu, sufuria zinazochemka, nguo zilizoanikwa ndani. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzijoto 9 hivi au chini yake. Usiku wa baridi kioo cha nje hufika huko upesi, na kikishawekewa mwenzake huwa baridi kuliko zamani, kwa sababu joto la chumba halikifikii tena. Mpira unaoziba kingo za kioo cha ndani ukilegea, hewa ya chumbani hupita hapo na kumwaga unyevu wake kwenye kioo hicho. Sasa ukiziba nje, unyevu umeufungia. Hauna pa kutokea, na fremu ya mbao itaanza kuoza.

Kinachotakiwa kubana barabara ni kioo cha ndani. Dirisha la nje, kama lina nyufa zinazopitisha upepo mkali, zipunguze, lakini liachie upenyo mdogo ili pengo lipumue kuelekea nje.

Kabla ya kumwita fundi, tazama matone yako upande gani. Yakiwa ndani ya pengo, kwenye kioo cha nje, kagua mpira wa kioo cha ndani, hasa kwenye kona. Yakiwa upande wa chumbani wa kioo kipya, mpira hauna kosa: chumba kimejaa unyevu, kipitishe hewa, na nguo mbichi zitoke humo. Kazi ya kubana kioo cha ndani ifanyike siku kavu, mbao zikiwa zimekauka kabisa. Hapo sikubaliani na mteja mwenye haraka.

Eti kuzuia baridi, kioo kimoja kinene kinatosha bila cha pili? Hapana. Kioo chenyewe karibu hakizuii joto. Kinachozuia ni hewa iliyotulia. Kubadili kioo cha milimita 4 kwa cha milimita 6 hakuleti tofauti utakayoihisi, lakini kioo cha pili chenye pengo la milimita 20 hivi hupunguza joto linalopotea kupitia kioo kwa karibu nusu.

Wala pengo kubwa zaidi haliongezi joto. Likipita hapo, hewa huanza kuzunguka na faida haiongezeki. Pengo pana, milimita 100 na kuendelea, ni la kuzuia kelele, na kwa kelele vioo viwili visiwe na unene sawa.

Paneli ya akriliki ya sumaku, yaani bamba la plastiki angavu linaloshikizwa kwa sumaku badala ya kioo cha pili, nayo hudharauliwa bure. Kwa joto inafanya kazi vizuri, ila huchubuka upesi, na kwa kelele kioo kizito kinaishinda.

Jambo moja silijadili na mteja: chumba cha kulala ambacho dirisha lake ndilo njia ya kutokea moto ukizuka, sifungi paneli ya skrubu. Iwe ya kufunguka au kubanduka kwa mkono, bila bisibisi.