Kanuni za ujenzi Nairobi: vile watu husema na vile mambo yako

"Kila jiji hujiandikia kanuni zake." Zii. Kanuni za 1968 zilitoka serikali kuu zikiwa za mfano, halafu baraza la mji likizipitisha ndio zinakuwa sheria pale. Siku hizi kuna National Building Code 2024, iko chini ya sheria ya NCA (mamlaka ya kitaifa ya ujenzi), na inashika nchi nzima tangu 1 Machi 2025. Kaunti imebaki na kazi ya kupitisha ramani, kukagua na kutoa cheti cha kuhamia.

"Kuna mkubwa aliamka tu akabadilisha." Ingekuwa rahisi hivyo hatungekaa na za 1968 zaidi ya miaka 50! Katikati hapo, 1995, walilegeza vipengele vya nyumba za bei nafuu, halafu 2009 kukatoka rasimu mpya na ikakwama hivyo tu. Njia ni ndefu jamani, rasimu iandikwe, mainjinia na maakitekti wabishane, wananchi watoe maoni, waziri aweke sahihi, ichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha ipelekwe Bunge na Bunge likitaka linaifuta. Hiyo mikutano ya maoni ya wananchi sisi huwa hatuendi, halafu sheria ikishatoka ndio tunaanza kelele.

"Maghorofa yanaanguka juu kanuni zilikuwa za kizamani." Hii ndio hunikasirisha. Kupima zege si kitu kimekuja juzi: unajaza zege kwenye kisanduku cha chuma cha sentimita 15 kila upande, likishika unatoa hicho kipande unakiloweka kwa maji, siku ya 28 unakipeleka maabara kinapondwa waone kimebeba uzito gani. Sasa nenda site nyingi za mtaani uulize hivyo visanduku viko wapi, utaonyeshwa wilbaro na fundi anayepima mchanga kwa macho, na landilodi amesimama hapo anataka ghorofa ya sita juu ya msingi wa ghorofa nne. Lile jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limeshatajwa kwa kubomolewa, lakini watu walikuwa bado wanalipa rent humo ndani. Hapo kanuni mpya ingesaidia nini kama hata ile ya zamani haikufuatwa?

"Ramani ikipita, nyumba iko salama." Ramani ni karatasi. Kaunti imepitisha kile ulichochora, kama fundi amepunguza nondo kwa nguzo hiyo ramani haitajua, ndio maana kuna ukaguzi hatua kwa hatua kabla hujamwaga zege.

"Yangu ni ya zamani, hainihusu." Inakuhusu, hii mpya imeongea hadi mambo ya kutunza majengo. Na ukitaka kuongeza ghorofa juu ya hiyo nyumba ya babako, unarudi kaunti kuomba kibali upya.